Ndoto ya Kamaludin na Moyo wa Sheikha

Kibokoni, Mombasa,
Mfungo Saba 1365,
yaani Machi 14, 1946.

Mpendwa ndugu yangu Badawi,

Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba waraka huu ukukute mzima, wewe na mkeo Bi Nana na watoto, na ile homa uliyotuandikia iwe imekwisha kabisa. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Goti langu hunisumbua nipandapo ngazi, lakini hiyo ndiyo ada yake. Mwanao Sheikha hajambo, na tangu juzi anakula vizuri. Utaona mbele kwa nini nakutajia chakula.

Joto la mwaka huu limepita kiasi, na maji ya kisima chetu yameshuka hata kamba tumeiunga. Vita vimekwisha lakini nguo madukani bado ni za kugombaniwa. Bi Nana akipata bafta huko Kisumu, asiwaze mara mbili.

Hizo ndizo salamu. Sasa niwie radhi, kwani yafuatayo si matamu. Nina hasira, Badawi. Nimengoja ipoe ndipo niandike, nayo haikupoa.

Najua Kamaludin amekutangulia kwa kalamu. Maalim Sheikhan, yule anayesomesha chuo cha Kurani hapa jirani, amekutana naye akitoka posta, naye akajisifu kuwa ameshakueleza yote. Atakuwa amekwambia kwamba nimevunja posa ya mwanao kwa fitina, na kwamba nimeipa kisogo ishara ya Mwenyezi Mungu. Basi sikia na ya kwangu, mimi niliyemlea mtoto huyu tangu mamake alipofariki.

Ulipomfanya Kamaludin wakili wako wa kumuoza Sheikha, sikutia neno. Ni mtoto wa ami yetu, wewe u mbali, na baba ndiye mwenye amri. Alipomleta Athmani, muuza boriti, nilifurahi pia. Ni mtu mzima, mwenye adabu, hapiti barazani bila kusalimu. Nilimuuliza Kamaludin kama mtu huyu ana mke, akaniapia kuwa hana. Wake wawili si haramu, lakini mtu aolewe akijua.

Kisha akaja na ndoto yake. Alikaa pale ukumbini, akanywa kahawa yangu, akasema amesali istikhara, kumwomba Mungu amwonyeshe la kheri, na ameoteshwa bustani ya kijani, Sheikha na Athmani wamekaa katikati yake, maji yanapita. Hiyo ndiyo ishara, akasema, na mwenye kuikataa ajihadhari na imani yake. Sikujua wakati ule kwamba Athmani alikuwa amekwisha kumwahidi kumshirikisha katika biashara ya boriti siku akimpata Sheikha. Hilo halikuwamo katika ile bustani.

Sheikha hakunyamaza, na nalitaja hili kwa sababu Kamaludin husema kunyamaza kwa mwanamwali ndiko kukubali. Alilia. Akaniambia kwamba yeye naye anasali istikhara, tena si mara moja, na kila anapoinuka kwenye msala kifua humbana kama mtu aliyefungiwa chumbani. Chakula kikamshinda. Nikaenda kumuuliza Maalim Sheikhan, naye akanijibu kwa upole kwamba anayetakiwa kuolewa ndiye mwenye haja ya kumuuliza Mola wake, na kwamba moyo ukikunjuka au ukikunjika nalo ni jibu, pengine kubwa kuliko ndoto.

Nilimpelekea Kamaludin maneno hayo. Akacheka. Akasema ndoto ya mwanamume ni istikhara, na kifua cha mwanamke ni gesi ya maharage.

Posa ikaendelea. Athmani akaleta kofia yake moja ya zamani, ili Sheikha apate kipimo cha kumshonea mpya ya siku ya harusi, kama ilivyo desturi yetu. Sheikha akaiweka juu ya sanduku pale ukumbini, na hakuigusa tena.

Siku ya Alhamisi iliyopita, mchana, nilisikia mtoto akilia mlangoni. Nikamkuta mwanamke mgeni amekaa kwenye baraza yetu, amejitanda leso iliyochujuka, na mtoto wa kike mgongoni akimtapikia. Alikuwa ametoka Vanga kwa lori, akavuka Likoni, anakwenda hospitali, naye alikuwa amepotea njia tangu Ngomeni. Alikuwa amegonga nyumba mbili kabla ya yetu na hakufunguliwa. Jina lake Mwanakuu. Nikamwingiza ndani, Sheikha akampa maji na akampokea mtoto kumfuta.

Mwanakuu alikunywa, akashukuru, akainua macho. Macho yake yakatua juu ya sanduku. Akainuka, akaichukua ile kofia, akaigeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye uzi. Nikadhani homa ya mtoto imempanda yeye.

"Kofia hii nimeishona mie," akasema. "Nimeishona nikiwa na mimba ya mtoto huyu. Mume wangu yuko wapi?"

Badawi, katika nyumba zote za Mji wa Kale, na vichochoro vyote vile ambamo hata sisi tuliozaliwa humu hupotea! Hakuja kumtafuta Athmani. Alikuwa akimtafutia mwanawe dawa. Tangu mtoto azaliwe Athmani hakukanyaga Vanga, hakupeleka chakula, wala hakupeleka talaka.

Nilimtazama Sheikha. Hakulia wala hakufurahi. Alimshika mwenzake mkono na kumwambia kwanza twende hospitali, mengine yatangoja. Tukaenda sote watatu. Mtoto akatibiwa, na Mungu akamjaalia nafuu, nikawarudisha nyumbani kwangu.

Siku ya pili, baada ya sala ya Ijumaa, nikamwita Kamaludin. Mwanakuu nikamketisha nyuma ya pazia la chumba changu. Sikumwambia Kamaludin lolote. Nilimuuliza tena, kwa heshima, kama Athmani ana mke.

Akasema aliwahi kuwa naye, zamani, huko kusini, na wameachana kwa talaka tatu, naye binafsi anazo habari hizo.

Mwanakuu akasema kutoka nyuma ya pazia, taratibu kabisa, "Ameniacha lini, shemegi? Mbona Ramadhani iliyopita ulipopita Vanga ulifuturu kwangu, ukambeba mwanangu, ukanambia Athmani yuaja?"

Njia ya mwongo fupi, lakini sikujua kuwa yaweza kuishia ukumbini kwangu. Kamaludin aliiweka chini kahawa. Alijua, Badawi! Alijua tangu mwanzo, alikula futari ya mkono wa mwanamke yule, kisha akaja kutuletea bustani na maji yapitayo, na akalitia jina la Mola wetu juu yake. Hilo ndilo lisilonipoa. Uongo wa watu nimeuzoea. Kuufanya uongo kuwa ishara, na kumtishia imani mtoto yatima wa mama, huko sikukuzoea na sitaki kukuzoea.

Unajua alisema nini alipopata ulimi? Alisema mwanamke kuja mlangoni kwetu ni nasibu tu, watu wapotea njia kila siku. Yaani ndoto asiyoiona mtu ila yeye ni ishara, na mke wa mtu aliyeletwa na mwanawe mgonjwa hadi kizingitini petu ni nasibu. Na sasa nasikia amegeuza tena. Barazani anasimulia kwamba istikhara yake ndiyo iliyomleta Mwanakuu na kumwokoa Sheikha, na watu wanampa mkono.

Mimi si mjuzi wa ghaibu, aijuaye ni Mungu pekee. Nalijua hili moja nililoliona kwa macho: moyo wa mwanao ulisema kweli kabla ya kofia, na sisi wakubwa tulimwambia ale maharage kidogo.

Posa nimeirudisha, kila kitu, mikononi mwa mzee aliyetumwa na Athmani. Mwanakuu amekwenda kwa Kadhi kudai haki yake, na mimi na Maalim Sheikhan tulimsindikiza. Athmani ameitwa, na ameanza kupeleka chakula. Mtoto anacheka sasa.

Nakuomba mambo mawili, na nakuomba kama dada, si kama mtu wa kukuamrisha. Umvue Kamaludin uwakili kwa maandishi, na nakala uniletee mimi. La pili si langu. Nimemuuliza Sheikha kama niandike kuwa hataki kuolewa, naye akakataa. Alisema, "Mwandikie baba kwamba sijakataa. Aje aniulize yeye mwenyewe."

Gari la moshi lipo, Badawi. Usitume wakili, wala usitume ndoto. Miaka mitano mtoto hajauona uso wako.

Nisalimie Bi Nana na wanao wote. Maalim Sheikhan anakusalimu sana, na Mwanakuu, asiyekujua, ameniomba nikutilie salamu zake. Sheikha anakubusu mkono. Mwenyezi Mungu akulinde, akupe riziki ya halali, na akufungulie njia ya kushuka pwani kabla ya mvua za masika.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata katika hasira,

Mwanaesha