Usitafute Mayai

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Doha tu wazima. Shangazi yako amepata kazi ya uuguzi, na Ijumaa tulishukuru kanisani Mesaimeer.

Unauliza mbona nyoka wako mwenye mistari, aliyepandwa baada ya kulazwa kwenye baridi, hatagi. Nilipokuwa kijana, dereva wa nyumba huku Abu Hamour, tajiri wangu alifuga nyoka kama hao. Baridi ya Doha haitoshi kuwalaza kabla ya kupandana, akawaweka kwenye friji miezi miwili. Walipoamka wakapandana, jike akavimba, mayai hayakuonekana. Mimi ndiye niliyesafisha tangi lao la kioo, tajiri akanigeukia:

"Umeyatupa na taka, wewe! Kesho unarudi kwenu."

Nikiwa nafunga sanduku, akaniita. Ndani ya tangi walitambaa watoto wa nyoka kumi na saba.

"Haya, fungua sanduku," akasema, basi. Hajaniomba radhi mpaka leo, ila usiku ule nililala fofofo.

Hao hawatagi, huzaa, mama. Mwekee maji, umwache.

Babu yako