Siku Tatu Nilizozijaza

Msamala, Songea

Mjukuu wangu Gervas, mume wangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Sisi wazima. Mama yako mdogo amejifungua mtoto wa kike, na mahindi tunaendelea kupukuchua.

Umeniuliza kwa nini kwenye picha ya kupokea cheti nimenuna. Watu wa hali ya hewa walikuja hapa nyumbani, wakanisifu mbele ya majirani kwamba miaka yote hii ya kujitolea kupima mvua sijaacha siku hata moja wazi kwenye daftari. Nikainamisha uso.

Nikiwa msichana, ndiyo kwanza nimekabidhiwa chombo cha kupimia, nilikwenda Peramiho kwenye harusi ya dada yangu. Nilitakiwa kupima kila siku saa tatu asubuhi, lakini ngoma ilinoga, nikakaa siku tatu. Niliporudi nilikuta maji ndani ya chombo. Nikayapima, nikayagawa mafungu matatu sawasawa, nikaandika kila siku fungu lake.

Jirani akapita, akaniambia, "Mvua imenyesha jana tu. Siku zile mbili tulianika mihogo, ikakauka vizuri."

Kalamu ilikuwa bado mkononi. Sikufuta, nilihofia daftari lisije likapata doa. Siku mbili za jua nikaziacha na mvua yangu, na ziko hivyo hivyo ofisini kwa hao watu wa hali ya hewa mpaka leo.

Ukija likizo unisindikize huko. Peke yangu nimeshafika mara mbili, nikawasalimia, nikarudi.

Bibi yako