Raza Majini

Mzee wangu Karangwa,

Leo nimecheka peke yangu maabara mpaka mlinzi akachungulia mlangoni. Kisha nikalia kidogo. Maharage yako yalikuwa yanasema kweli, Mzee! Uliondoka ukiamini kazi yako yote ilikuwa bure, na tangu tukuzike sijala nikashiba.

Nilipokuja kwenu kutoka Karagwe na Kinyarwanda changu cha kubabaisha, ulijikaza kunifundisha kwa Kiswahili. "Koleta, jani iko na masikio. Ikisikia mwizi tu, inapiga kerere." Nikakutania kerere zako wiki nzima. Lakini nilielewa. Bakteria akigusa jani, seli hufungua milango yake, kalsiamu inaingia, na kabla doa halijaonekana seli za jirani zimeshapata habari. Kazi yetu ilikuwa kuzisikiliza dakika hizo za mwanzo. Tulikata vipande vya jani la maharage uliyoyakuza wewe, vidogo kama vifungo vya shati, tukavitia kwenye vishimo vya sahani pamoja na dawa inayowaka kalsiamu ikiingia, na mashine ikapima mwanga ambao macho hayauoni.

Ulipougua uliniachia daftari lako. Hatua ya pili uliandika: "Raza majini." Nikatabasamu. Mzee na r zake, amekusudia laza. Basi nikavilaza vipande majini, chali, kwa upole, nikapima papo hapo. Vishimo vyote vikawaka, hata vile vya maji matupu visivyo na bakteria. Wakubwa wa maabara wakasema maharage ya Karangwa hayatambui adui, yanapiga kelele ovyo. Mimi ndiye niliyekuletea habari hiyo kitandani. Ukageukia ukutani.

Jumapili nilikwenda Gisozi kumsalimu mkeo, Mama Klodina. Alikuwa anabandika sufuria ya maharage. "Hii ibishyimbo niliraza mu mazi, itaiva vuba," akasema. Nikamwomba alirudie neno hilo. Kuraza! Neno la Kinyarwanda ninalolisikia kila siku: kuacha kitu kilale hadi kesho. Hukukosea herufi, Mzee. Uliazima neno la kwenu, na mimi mjuaji wa Kiswahili nikakusahihisha kimoyomoyo bila hata kukuuliza. Jani lililotoka kukatwa bado linalilia kidonda chake. Lazima lipumzike majini mpaka kesho yake ndipo uliletee bakteria.

Jana mchana nilikata vipande, nikaviacha majini usiku kucha. Leo asubuhi nikapima. Vya maji matupu, kimya kabisa. Vya bakteria vikawaka baada ya dakika chache tu, mstari ukapanda kwenye kompyuta kama ulivyozoea kuuchora hewani kwa kidole. Nimepima sahani tatu, zote zinasema hivyo hivyo. Yaani kifua kimefunguka, Mzee, navuta pumzi hadi chini.

Inaniuma kwamba hukuuona mstari huo. Hilo sina la kulifanya. Mama Klodina nimempigia simu, akapiga vigelegele, kisha akanikaripia kwa kukaa na huzuni muda wote huo bila kumwambia.

Kesho wakubwa wanakutana, nami nimeomba nafasi ya kusema. Siku ya mazishi nilijificha nyuma ya watu kwa aibu, sikukuaga. Leo nakuaga. Lala salama, Mzee wangu. Nakuahidi kesho nitalitaja kosa langu kwanza, kisha jina lako.

Mwanafunzi wako,
Koleta