Unga wa Jeshi la Lusu

Mjukuu wangu Masanja,

Marahaba. Ukoo umenifanya bibi yako ingawa bado nanyonyesha, basi nivumilie. Naandika mtoto akiwa mgongoni. Hapa Usoke wote wazima, na bibi yako mkubwa amepona mguu.

Umeuliza jeshi la hadithi yako, lenye dawa za ajabu, litakula nini na dawa litapata wapi. Nikakumbuka sungusungu, walinzi wa kijiji, wa kwetu Lusu nilipokuwa mdogo.

Ng'ombe wa Nyamizi, jirani yetu mjane, waliibiwa. Alfajiri wanaume wakakusanyika na pinde, lakini hawakuondoka. Kila nyumba ilipaswa kutoa unga wa mtama: mwingi wa uji wao, kidogo wa dawa ya kupaka usoni. Ukikosekana wa nyumba moja, dawa haishiki. Ulikosekana wetu.

"Sisi ni watu wa kanisa," mama alisema.

"Mama Kulwa, ng'ombe wanakwenda," Nyamizi akamjibu.

Mama akaingia ndani, akatoka na ungo umejaa. "Huu ni wa uji. Mkijipaka, shauri yenu."

Walijipaka. Watu niliowazoea, fundi baiskeli, hata mwalimu wetu wa kwaya, walipita na nyuso nyeupe, nikajificha nyuma ya mama kama siwajui.

Mama alishinda mlangoni. Jioni wanaume walirudi na ng'ombe. Akatazama zile nyuso zilizochirizika jasho, akasema taratibu, "Unga wetu umefika mbali." Kisha akaenda kuwachemshia uji mwingine.

Lipe jeshi lako majirani, halafu ulale mapema.

Bibi yako,
Kulwa