Tuliwaficha Watu, Seva Ikabaki Wazi

Shosti, nimekwisha!

Leo kaja mkaguzi wa leseni ya hifadhidata, ile programu tunayotunzia kumbukumbu za wateja. Si unajua zamani walitoza ada kwa kuhesabu watumiaji? Basi bosi akaificha nusu ya ofisi stoo, tuonekane wachache!

Mimi nikampitisha mkaguzi huku najishaua kwa ile kompyuta kuu inayoiendesha: "Tazama seva yetu mpya, mjini hakuna kubwa kama hii!"

Akatabasamu. AKATABASAMU, shosti!

"Dada, siku hizi hatuhesabu watu. Ada ya leseni inafuata ukubwa wa seva."

Hatuhesabu watu!!!

Bosi kanikodolea macho, hata jasho hafuti. Mara simu ya mtu ikaita kule stoo.

Mkaguzi akageuka: "Watoeni wapumue. Hao ni bure."