Mama Hayuko Kwenye Mfumo

Section 58,
S.L.P. 4417,
Nakuru.
14 Septemba 2025

Mpendwa ndugu yangu Kipkemei,

Pokea salamu kutoka nyumbani. Hujambo wewe, na mkeo Becky? Huko Kanada baridi imeanza kuwasumbua? Sisi tunapumua, kwa neema ya Mungu. Mvua imenyesha vizuri, mahindi yanapendeza.

Sasa nikueleze habari za Weldon, rafiki yako. Ulituambia ni bingwa wa kompyuta. Ndugu yangu, debe tupu haliachi kuvuma.

Kliniki anakotibiwa mama presha ya macho ilinunua mfumo mpya, na bingwa wako akapewa kazi ya kuhamisha rekodi za wagonjwa. Akaujaribu kwanza kwa majina ya John Smith na Mary Brown. Yakaingia vizuri, akajipongeza. Nani anaitwa Smith hapa Nakuru?

Kumbe ile alama ndogo katika jina letu, Ng'eno, kompyuta huidhania ni mwisho wa jina, isipofundishwa mapema. Akina Ng'etich, akina Ng'ang'a, na sisi, wote tukakataliwa mlangoni. Kompyuta yenyewe ilimwonya. Yeye akaiamuru iruke makosa iendelee, kisha akaufuta mfumo wa zamani bila kuacha nakala. Hata mtu anayehama nyumba huchungulia vyumba kabla ya kurudisha funguo!

Siku ya upasuaji wa macho ya mama tulifika mapema. Msichana wa mapokezi akatafuta, akatafuta tena.

"Mathe, hauko kwa system."

"Na hapa nimekaa ni nani?" mama akamuuliza.

Weldon akaitwa. Alikuja na tai yake nyekundu, hata pole hakusema.

"Shida ni jina yenu. Hizi majina za kienyeji zinasumbua system. Tutoe tu hiyo alama, mathe uanze upya."

Nikamwambia, "Boss, hiyo system yako ilitukuta hapa na majina yetu."

Akacheka. Namdharau mtu huyo, Kipkemei, na sitaki uutetee urafiki wenu. Nimeona wachungaji wa mbuzi wanaohesabu mifugo wao jioni. Yeye alipoteza watu, akaenda kunywa chai.

Kuanza upya kulimaanisha kurudi mwisho wa foleni. Daktari alikuwa ameonya kwamba upasuaji ungeokoa uoni uliobaki tu, na kwamba ukienda haurudi. Zamu yetu ilifika mwezi uliopita. Daktari alimpima, akaniita kando.

Msalimie Becky sana. Shangazi Jebet na Kiprugut wanawasalimu. Mungu awafunike kwa mkono wake.

Ukija Disemba, usimkimbilie mama kimyakimya kama ulivyozoea. Mwite jina lake ukiwa bado langoni, aisikie sauti yako, ajue ni wewe.

Dada yako akupendaye daima,
Cherono