Mama, Namba Tano Nimempata Kiuyu

Mpendwa mama,

Mwezi huu nimekuja kaburini kwako mara tatu. Kila mara nimesoma nilichokuja kusoma, nikang'oa majani kidogo, nikaondoka bila kukwambia habari za timu. Niliona haya. Makaburini si pahala pa kuzungumzia mpira, na wewe mwenyewe ungenikemea. Kwa hiyo nakuandikia, na barua hii sitaificha. Atakayeisoma na aisome, ajue ulikuwa mtu wa namna gani.

Hatukushuka daraja, mama. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeniuliza kabla hata hujaitikia salamu yangu.

Unalikumbuka dirisha la chumba chako pale Jadida? Wapita njia walidhani umekaa pale kwa ajili ya mwanga tu, na kweli, kofia za viua, zile za vitundu vidogo vidogo vya sindano, hazishoneki gizani. Lakini dirisha lile lilitazama uwanja, nyuma kabisa ya goli, na kila alasiri palikuwa na mchezo. Hukuwahi kwenda kusimama pembeni ya uwanja. Ulisema huko ni kwa wanaume na makelele yao. Ulishona huku unatazama, miaka na miaka. Wafungaji walikuja wakaondoka. Mabeki ndio waliobaki mbele yako kipindi kizima, wamekupa migongo.

Ndiyo maana sura za wachezaji ulikuwa huzijui, ila migongo yao unaijua. Siku moja alikuja kijana mmoja kutaka kofia ya harusi yake. Ukampima kichwa, mkaelewana, ukamuaga vizuri kama mgeni mwingine yeyote. Alipogeuka tu kutoka, ukamwita.

"Njoo hapa! Kumbe wewe ndiye namba nne? Mbona jana ulimwacha yule ntu peke yake?"

Yule bwana harusi alisimama mlangoni akajieleza kwa mikono miwili, kama aliyepelekwa kwa kadhi. Alisema alidhani mwenzake anamfuata. Ukamuuliza, "Ulimwambia?" Akasema hakumwambia. Ukaendelea na sindano yako. "Basi alijuaje?"

Mimi nilikuwa mdogo, nikacheka. Sikujua kwamba nimeshapewa somo la kwanza la kazi yangu.

Na siku niliporudi nyumbani nimenuna, unaikumbuka? Nilikuwa nacheza mbele, nafunga, watu wananiita kwa majina ya wachezaji wa Ulaya. Mwalimu akaona mguu wangu wa kushoto, akanivua jezi namba tisa akanipa namba tatu, ya beki wa kushoto. Kwangu ilikuwa kama kushushwa kutoka barazani kwenda jikoni. Nikaitupa jezi kitandani kwako, nikasema sichezi tena. Uliiokota, ukaikunja, ukasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Sasa ntakuona vizuri."

Kesho yake nikaenda uwanjani, na kwa mara ya kwanza nilicheza nikijua kuna mtu nyuma yangu.

Ushoto wenyewe ulikuwa umenipatia taabu tangu utotoni. Bibi alikuwa akinipiga vidole kila nikishika tonge kwa mkono usio wake. Wewe ulinifundisha taratibu, na tulipobaki peke yetu ulininong'oneza, "Mkono wa kulia ni wa kula. Mguu fanya utakavyo." Sijui kama Bibi aliwahi kujua kwamba ulinipa ruhusa hiyo.

Baadaye goti likaniharibikia, nikaingia katika ualimu wa mpira. Nilisoma kozi hii na ile, nikarudi na vyeti na madaftari yaliyojaa michoro, na kila niliporudi tulibishana. Mimi nilisema timu inajengwa kwa mabeki wa pembeni, kwa sababu mpira wa siku hizi unapita pembeni. Wewe ukasema, "Wewe unajitetea mwenyewe." Kwako wewe wa kwanza alikuwa namba tano, beki wa kati, tena si kwa urefu wala kwa nguvu. "Yeye ndiye anayewaona wote," ulisema. "Akiwa bubu, wote wamekuwa vipofu." Wa pili ulimtaka namba sita, yule anayekaa mbele ya mabeki, kwa sababu kazi yake ni kuwapunguzia wenzake kazi. Namba tatu ukamweka wa tatu, na hapo ukanitazama ukacheka. "Wa mguu wa kushoto ni adimu. Ukimuona mchukue, hata kama humhitaji leo." Namba mbili ulisema anafundishika.

"Na kipa je?" nikakuuliza.

"Kipa unaye. Usimpe kazi, utaona alivyo mzuri."

Hata ulipokuwa huwezi tena kushika sindano uliendelea kuniuliza habari za mabeki. Nilipokuja kukwambia nimepewa timu, na kwamba timu imepanda ligi kuu, ulinishika mkono ukasema alhamdulillahi, kisha ukauliza, "Namba tano ni nani?" Nikasema bado. Ukatikisa kichwa. Siku chache baadaye ukatutoka. Sikuwahi kukupa jibu.

Sasa sikiliza yaliyotokea.

Tulikuwa na nafasi tatu za usajili. Mwenyekiti wetu, Mzee Nassor, aliniita ofisini baada ya sala ya alasiri. Ni mtu mzuri, ametumikia timu tangu mimi sijazaliwa. Alikuwa na majina yake tayari: washambuliaji wawili na beki mmoja wa kati kutoka Unguja, Haji, mrefu kuliko mlango wa ofisi ile.

"Mimi nataka walinzi watatu, Mzee," nikasema. "Namba tano, namba sita na namba tatu."

"Watatu wote?" Akavua miwani. "Kocha, watu hawaji uwanjani kutazama mabeki."

"Ni kweli. Lakini wanaondoka uwanjani mapema kwa sababu ya mabeki."

Hakucheka. Alikubali tufanye majaribio, siku tatu, na akaja mwenyewe kukaa kwenye kiti chake kivulini. Haji alicheza vizuri mno. Kila mpira wa juu ulikuwa wake, na watu waliokuja kutazama walimshangilia. Siku ya pili nikamwachia msaidizi wangu filimbi, nikazunguka nyuma ya goli nikakaa chini, mchangani. Mzee Nassor alidhani naumwa.

Kutoka pale nilimwona Haji mwingine. Mpira ukiwa mbali, kichwa chake kiliufuata mpira tu. Hakugeuza shingo hata mara moja kuona nani yuko nyuma yake. Na alikuwa kimya, mama. Mrefu, hodari na kimya.

Upande wa pili alicheza mtu mmoja wa kijiji cha Kiuyu, anaitwa Shaame. Ni muashi, ana mke na watoto wawili, umri wake wachezaji wenzake walikuwa wakiutania. Si mrefu. Lakini shingo yake haikutulia, kulia, kushoto, nyuma, kama mtu anayevuka barabara na watoto. Na alikuwa akisema muda wote, bila kupayuka. "Nipo nyuma yako. Mwache aje. Usiende, usiende. Sasa nenda." Wenzake hawakuwa wakimjua hata jina, na baada ya nusu saa walikuwa wakimtii.

Nilijikuta nimekaa mchangani machozi yananitoka. Nikajipangusa kwa mkono, nikasimama, nikaenda kwa Mzee Nassor.

"Huyu mfupi?" akaniuliza.

"Huyu."

Akainuka kitini. "Haya. Timu ni yako. Lakini tukishuka, barua ya kuondoka utaiandika mwenyewe, sitaki kukufukuza mtoto wa mtaa wangu."

Nikamchukua Shaame. Namba sita nikampata kijiji cha Wambaa, anaitwa Makame, mvuvi, ana pumzi ya ajabu na hasira kidogo. Namba tatu nilimkosea. Nilimchukua mtu wa mguu wa kushoto kama ulivyoniusia, lakini sikumtazama goti, mimi ambaye goti ndilo lililonimaliza. Kabla ya ligi kuanza alikuwa amekaa na barafu. Ikabidi nimgeuze mshambuliaji mmoja wa akiba, Khatib, acheze pale. Alipopewa jezi aliishika kama mtu aliyepewa barua ya msiba. Nilijua anavyojisikia. Nikamwambia nitakuwa namtazama, na nikamtazama.

Mchezo wa kwanza, Haji alikuwa amesajiliwa na wapinzani wetu, na ndiye aliyetufunga, kwa kichwa, kona. Aliruka juu ya Shaame kama anaruka kigoda. Tulipotoka uwanjani watu waliniuliza kwa nini sikusajili ngazi. Mzee Nassor alipita mbele yangu akasema asalamu aleikum tu, basi. Ningependelea angenitukana.

Kesho yake Shaame alinifuata kabla ya mazoezi.

"Kocha, kama nakuletea maneno, niweke benchi. Mimi kazi ninayo, nitarudi kwenye mawe yangu."

"Goli lile lilikuwa kosa la nani?" nikamuuliza.

Akafikiri. "La kona yenyewe. Hatukupaswa kuitoa. Makame alikuwa peke yake, na mimi sikumwambia mapema."

Nikasema, "Basi mwambie mapema."

Hatukuzungumza tena habari ya benchi. Alianza kukaa na Makame baada ya mazoezi, wanachora mchangani kwa vijiti, wanabishana hadi adhana ya magharibi. Tukaacha kutoa kona ovyo. Hatukuwa timu ya kushangiliwa, mama, sikufichi. Tulifunga kwa shida. Lakini kutufunga nako kukawa shida, na pole pole watu wa Wete wakaanza kuja uwanjani na kubaki mpaka mwisho.

Ikafika mchezo wa mwisho, nyumbani, tunahitaji sare tu tusalie. Uwanja ulijaa hadi juu ya kuta. Hadi dakika za mwisho hakuna aliyefunga, na wapinzani wametubana kwenye goli letu. Ukapigwa mpira mrefu nyuma ya mabeki, upande wa kushoto. Khatib akageuka kuukimbilia, mshambuliaji amemgandama mgongoni. Kipa naye ametoka golini. Unayajua mabao ya namna hiyo kuliko mimi: beki anaugusa mpira, kipa anaufuata, wanagongana, na goli liko tupu.

Shaame alikuwa mbali, asingefika. Alipiga kelele neno moja.

"Wacha!"

Khatib akainua mguu. Mshambuliaji wa kweli angeupiga tu, na miezi sita nyuma na yeye angeupiga. Aliuacha. Mpira ukampita, kipa akaukumbatia, akalala nao chini.

Hakuna aliyepiga makofi, kwa sababu hakuna kilichotokea. Watu walikuwa bado wanapiga kelele za wasiwasi. Mimi nilikaa chini pale pale kwenye mstari. Nilikuwa nimeshajua kwamba tumesalia.

Filimbi ilipolia Khatib alikwenda moja kwa moja kwa Shaame, wakakumbatiana. Mzee Nassor alivuka uwanja na kanzu yake nyeupe, kwenye tope, akanishika mabega. "Msimu ujao," akasema, "tukae mapema. Uniambie tunaanza na beki gani." Hiyo ndiyo namna yake ya kuniomba radhi, na nimeipokea.

Kisha akanijia mtangazaji wa redio na kinasa sauti chake. Aliuliza maswali yao yale, nikajibu majibu yetu yale. Mwisho akasema, "Kocha, timu yako inasifiwa kwa ulinzi. Ulijifunzia wapi, na kwa nani?"

Nilikuwa na majibu mengi ya kweli. Kozi nimesoma, walimu wangu ni watu wenye majina, na mmoja wao alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu akisubiri kutajwa. Nikasema, "Kwa mama yangu."

Akacheka, akadhani ni mzaha. Akauliza tena, "Yaani kwa mwalimu gani hasa?"

Nikakichukua kile kinasa sauti mkononi mwake. "Mwalimu wangu ni Bi Mize binti Omar, mshona kofia wa Jadida, Wete. Mwenyezi Mungu amrehemu. Andika vizuri."

Dada Asha alikuwa jikoni kwake Chake, redio imewashwa. Ananiambia alilia hadi samaki wakaungua, na mumewe akawala hivyo hivyo. Tangu siku ile wazee wakinipita njiani hawaniiti tena kocha. Wananiita mtoto wa Bi Mize, kwa heshima, na mimi naitika kwa sauti ili wengine wasikie.

Mungu akupe nuru na nafasi huko uliko, mama. Nikija tena nitasoma nilichokuja kusoma, na mpira nitauacha nje.

Mwanao kitinda mimba,
Kombo